Wimbo Wenye Milango

Benchi la Mama Joska lilikuwa ubao mmoja mrefu uliokalia matofali, kule chini Namuwongo ambako reli inapita karibu kabisa na vibanda, hata mabehewa ya kwenda Port Bell yakipita watu hushika vikombe vyao na kuendelea na maneno yao. Ukikaa hapo mara tatu unapewa jina, upende usipende. Abudu, mwanajeshi mstaafu, alikuwa Afande. Ochola, Mkenya aliyetengeneza mitambo ya meli bandarini, alikuwa Injini. Zéphyrin, Mkongomani muuza sabuni aliyehubiri bila kuombwa, alikuwa Katekista. Na Reine, binti wa Bukavu aliyefanya kazi Bukoto katika ofisi ndogo ya kutengeneza kurasa za mtandao, aliitwa Mama Kodi. Siku ya kwanza alipowaambia kwamba kazi yake ni kuandika kodi za kompyuta, Injini alidhani ni kodi ya nyumba, akasogea mbali naye kidogo kidogo mpaka ubao ukamwishia. Walipokuja kuelewa kwamba ni maagizo ya kuiambia kompyuta la kufanya, jina lilikuwa limeshaganda.

Jumapili hiyo baada ya ibada Reine alikuwa na furaha yake ya kimyakimya. Alikuwa ametimiza kitu alichokiahidi kanisani: nyimbo zote za kwaya, mia nne na ushei, sasa zilikaa kwenye ukurasa mmoja ambao mtu yeyote angeweza kuufungua kwa simu. Kabla ya hapo nyimbo hizo zilikuwa kichwani mwa mwalimu wa zamani wa kwaya. Yule mzee alipopata safari ya kuhamia Kanada, alikaa wiki nzima katika duka la Dawudi la kuchapa barua akimtamkia mashairi, na Dawudi, Muganda mpole asiyejua wimbo hata mmoja wa Kongo, akayapiga kama alivyoyasikia. Reine alichukua kazi ya Dawudi ilivyo, akaipanga ndani ya ukurasa wake, akaweka na kisanduku cha kutafutia. Watu walimpigia makofi kanisani. Sasa alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi na kompyuta yake mapajani, na alijiona amestahili kukaa.

Ndipo alipofika Papa Mugisho, fundi cherehani, simu mkononi kama mtu aliyeshika samaki anayeteleza.

— Binti yangu, alisema, ile kitu yako inanikatalia.

— Inakatalia nini, Papa?

— Wimbo. Minaandika "milango", inasema hakuna. Minaandika tena, hakuna. Nimeiomba hata kwa upole.

— Wimbo wa nini? akauliza Injini, akimpisha kwenye benchi.

— Wa harusi ya Benedicte.

Wote walijua habari za harusi. Benedicte, bintiye Mugisho, alikuwa anaolewa Jumamosi, na kwa wiki kadhaa cherehani ya baba yake haikupumzika. Wasichokijua ni kwamba Papa Mugisho alikuwa na jambo lake la siri. Alitaka, binti yake akiingia kanisani, kwaya iimbe wimbo ambao mama yake alikuwa akimwimbia utotoni. Mama Benedicte alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na wimbo huo Mugisho alikuwa na mstari wake mmoja tu.

— "Usifunge milango, baba anarudi," alisema. Ni hapo tu. Mbele yake sijui, nyuma yake sijui.

— Si ungewaimbia hao wa kwaya, wakakuambia ni upi? Mama Joska aliuliza, akimmiminia.

— Niliwaimbia. Nusu yao wakasema ni wa mazishi. Wengine wakasema ni wa timu ya mpira. Mama, sauti yangu ni ya kupimia nguo, si ya kuimbia.

— Na Benedicte mwenyewe?

— Nikimuuliza, atajua. Nataka ausikie pale pale.

Afande aliweka kikombe chake chini. Alikuwa mtu wa kuanza kila neno kama anatoa ripoti.

— Mimi nasema hivi. Hii mashine iko sentri. Iko nasimama kwa geti. Wewe nakuja usiku—

— Ni mchana, Afande.

— Wewe nakuja mchana, yeye nauliza neno la siri. Wewe nasema nusu ya neno. Sentri haijui nusu! Nusu ni adui. Wewe shukuru Mungu haijapiga risasi.

— Hapana, hapana, alisema Injini. Afande, hiyo ni ya jeshi. Hii ni shida ya mzigo. Mimi kule kwa meli naona kila siku: mzigo mzito unakaa chini, mwepesi unakaa juu. Huu wimbo wa mama wa watu ni mzito. Umezama. Na wahenga walisema nini? Mtaka cha mvunguni huinama. Mzee, teremsha simu.

Papa Mugisho, mtu wa heshima mwenye suti ya Jumapili, aliiweka simu chini ya benchi, akapiga goti, akaandika. Ukurasa ukamjibu: Hakuna wimbo.

— Umeinama vizuri? Injini aliuliza.

— Niiname mara ngapi?

Katekista alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayewaona wenzake wakipotea.

— Ndugu zangu, muko munaacha ukweli huku munafuata meli. Muangalie mukono wake. Anaandika na kidole kimoja! Na neno linasema, kidole kimoja hakivunji chawa. Papa, tia vidole viwili.

Mugisho akatia vidole viwili. Kisanduku kikajaa herufi mbilimbili kama watoto wa shule waliopangwa mstarini, na ukurasa ukasema tena kwamba hakuna wimbo.

— Basi ni simu, Katekista alihitimisha. Hiyo simu ulinunua kwa mutu gani? Anasali wapi?

Reine alikuwa akicheka mpaka kahawa ikamwagikia kwenye kiatu. Lakini katikati ya kicheko kitu kilimgusa. Aliigeuza kompyuta, akatazama mstari aliouandika wiki mbili nyuma na kuupenda kwa unyoofu wake.

— Afande amekaribia, alisema.

Afande akajinyoosha. Injini akasema kwamba meli pia ina sentri.

— Sikilizeni, Reine akaendelea. Kila wimbo nimeuweka kwenye mfuko wake. Nje ya mfuko nimeandika jina la wimbo. Ndani kuna maneno yote. Mifuko yote imepangwa mstari mmoja. Papa akiandika neno, kompyuta inapita mfuko kwa mfuko inauliza: wewe jina lako ni "milango"? Lazima jina liwe hilo hilo, zima, bila kupungua wala kuzidi. Na wimbo unaoitwa "milango" tu, haupo.

— Na ndani ya mfuko haichungulii? Mama Joska aliuliza.

— Haichungulii.

— Basi ni mvivu.

— Si yeye, Mama. Ni mimi sikuiambia ichungulie.

Alipokuwa akiandika, aliwaza kwamba watu wangekuja na majina ya nyimbo kama wanavyokuja na vitambulisho. Sasa akaikumbuka kwaya yenyewe. Nani pale aliwahi kutaja jina la wimbo? Walisema "ule wenye kuvuka mto", "ule tuliimba mvua ikanyesha", "ule ambao Mama fulani anaharibu mwishoni". Mtu hubaki na kipande. Akajisogeza kwenye ubao, akafuta mstari wake wa zamani, na mbele ya macho ya wote waliomwinamia akaandika mwingine:

nyimbo.filter(w => w.maneno.includes(neno))

— Hii mshale napiga nani? Afande aliuliza papo hapo.

— Haimpigi mtu. Inasema, chukua wimbo mmoja mmoja, uupitishe huku. Hii ya kwanza ni chujio, kama hilo la Mama Joska. Hii ya mwisho ndiyo inauliza: je, ndani ya maneno yako, popote pale, kuna hiki kipande? Anayesema ndiyo anabaki. Anayesema hapana anapita.

— Na kahawa iko wapi hapo, ni ile imebaki ama ile imepita? Injini aliuliza kwa dhati kabisa.

Mama Joska alisema kwamba katika kahawa kinachobaki ndicho kinachotupwa. Ukazuka ubishi mfupi juu ya machujio, ambao Reine aliuacha uzimike wenyewe huku akiupeleka mstari wake mtandaoni. Kisha akamwambia Papa Mugisho ajaribu tena.

Mugisho akaandika. Hakuna wimbo.

Reine alihisi masikio yake yakipata moto. Akaipokea simu, akaitazama, akaona. Simu ya mzee, kama simu zote, ilikuwa imelianza neno kwa herufi kubwa bila kuulizwa: Milango. Na kwa kompyuta M kubwa na m ndogo ni watu wawili wasiojuana.

— Munaona! Katekista alipaza sauti alipoelezwa. Herufi kubwa ni kiburi! Ndiyo maana walisema, mpanda ngazi hushuka.

— Basi tutaishusha, Reine alisema.

Akaongeza maneno machache, ili kabla ya kulinganisha chochote, herufi zote za pande zote mbili ziwe ndogo. Injini hakungoja. Aliichukua simu kutoka kwa Mugisho, akakifuta kisanduku kikabaki kitupu, na nyimbo zote mia nne na ushei zikateremka kwenye kioo kama mchele unaomwagika guniani.

— Sijauliza kitu na imenipa zote!

— Kwa sababu umeuliza kipande kitupu, Reine alisema. Na kitupu kimo ndani ya kila kitu.

— Kumbe ukinyamaza unapewa yote.

— Mimi hiyo najua zamani, Afande alisema. Nyumbani mimi nanyamaza tu.

Papa Mugisho hakucheka. Aliiomba simu yake, akaandika "milango" taratibu, na safari hii ukurasa ukampa nyimbo mbili. Watu wakamsogelea. Wa kwanza ulihusu milango ya Yerusalemu, na vito vyake vyote vilitajwa kimoja kimoja. Wa pili ulihusu Paulo na Sila gerezani, milango ikifunguka yenyewe.

— Gerezani? Injini aliuliza. Hiyo si Luzira hapa jirani?

— Nyamaza, Mama Joska alisema.

Mugisho alisoma nyimbo zote mbili mpaka mwisho, kidole kikifuata kila neno kama kinavyofuata mshono. Kisha akaizima simu na kuiweka gotini. Alivua kofia yake, akaitazama ndani.

— Haiko, alisema. Labda hauko kwenye kitabu chochote. Labda aliutunga mwenyewe.

Behewa tupu lilipita, wakashika vikombe.

— Jaribu "baba anarudi", Katekista alisema kwa sauti ndogo.

Mugisho aliiwasha tena, akaandika, akairudisha gotini.

— Hakuna. Na "baba" peke yake nimejaribu, nikapewa nusu ya kitabu. Katekista, unajua vile tunavyomwita Mungu.

Halafu, kwa kuwa walikuwa wamekaa na hakuna aliyekuwa na haraka, aliwaeleza. Walipokimbia Bukavu, Mama Benedicte alitangulia na mtoto. Yeye alibaki nyuma kumzika baba yake, na baada ya hapo barabara zikafungwa. Wenzake walifika Kampala wakampa mkewe habari nne tofauti: ameuawa, amekamatwa, ameoa Goma, yuko njiani. Mkewe alichagua ile ya nne. Alipanga chumba hapa hapa Namuwongo, akaosha nguo za watu, na kila jioni akamlaza mtoto.

— Siku nilipofika, walinionyesha nyumba. Nikasimama nje. Sikubisha, kwa sababu nilisikia sauti yake. Alikuwa anamwimbia Benedicte. "Usifunge milango, baba anarudi." Mimi niko nje na mfuko wangu. Nikasema moyoni, acha amalize. Lakini mtoto alikuwa amelala, akaacha hapo hapo katikati.

— Halafu ukabisha, Mama Joska alisema.

— Nikabisha. Na unajua, toka siku ile hakuuimba tena. Nilimwomba mara nyingi. Alikuwa anacheka tu. Ananiambia, "Niuimbe wa nini? Si umefika?"

Mama Joska alijifuta uso kwa upindo wa leso, akasema moshi wa leo ni mbaya. Injini aliangalia reli. Afande, ambaye machozi ya watu wengine yalimtia wasiwasi kuliko bunduki, alikohoa na kurudia mstari ule polepole, kwa heshima, kama anayesoma jina la marehemu kwenye gwaride:

— "Usifunge mirango, baba analudi."

— Milango, Afande, Katekista alinong'ona.

— Si ndiyo nimesema? Mirango.

— Na ni anarudi.

— Analudi! Wewe masikio yako ilikufa na nini?

Mkono wa Reine ulisimama juu ya kompyuta.

— Afande, alisema. Hebu rudia.

— Mirango, Afande alisema, sasa kwa hasira kidogo. Mi-ra-ngo.

Reine hakumwona Afande tena. Alimwona Dawudi katika duka lake, amepiga miwani puani, akipokea maneno kutoka mdomoni mwa mzee wa kwaya na kuyapitisha sikioni mwake mwenyewe, sikio la mtu aliyekua akisema hivyo hivyo kama Afande na kama nusu ya mji huu. Si kosa la mtu. Ni ulimi tu na kwao ulikotoka. Akaivuta simu ya Mugisho gotini bila hata kuomba ruhusa, akaandika herufi sita: mirang. Hakumalizia, kipande kingetosha.

Wimbo mmoja ukaja.

Reine alimrudishia mzee simu kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni maji.

Papa Mugisho akasoma kwa sauti:

— "Jioni imetufika, taa yetu ni ndogo. Mafuta bado yako, tukeshe hata kidogo. Usifunge mirango…"

Hapo aliisogeza simu karibu na macho.

— "Usifunge mirango, Bwana analudi."

Injini alipiga paja. Katekista alisema haleluya. Lakini Mugisho alikuwa bado kwenye mstari ule ule, na kidole chake hakikusogea.

— Bwana, alisema. Hapa banaandika Bwana.

— Ndiyo, Papa, Katekista alisema. Ni wimbo wa kungojea Bwana Yesu. Mimi sasa naukumbuka hata. Ni Bwana.

— Yeye alikuwa anasema baba.

— Basi alikosea.

— Hapana, alisema Papa Mugisho. Hakukosea.

Wakamwona anaanza kuelewa, na hakuna aliyemharakisha. Miaka yote ile alidhani wimbo ulikuwa hivyo, kwamba palikuwa na wimbo fulani duniani wenye baba anayerudi, na mkewe akauokota kwa kuwa ulimfaa. Kumbe ulikuwa wimbo wa kanisa, wa mbinguni, na yule mwanamke katika chumba cha kupanga alilitoa neno moja akatia lingine, ili mtoto ajue ni nani anayengojewa. Papa Mugisho alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, na macho yake yalikuwa yamejaa.

— Aliniweka mimi hapo, alisema. Sikujua.

Reine aliinamia kompyuta yake, kwa kuwa alihitaji mahali pa kutazama. Kazi ilikuwapo. Leo Mugisho amepata kwa sababu Afande alikuwa benchini. Kesho mwingine angekuja peke yake na kipande chake. Dawudi mara nyingine alikuwa ametia l mahali pa r, na mara nyingine r mahali pa l, kwa hiyo kurekebisha upande mmoja kusingesaidia. Aliandika kwamba wakati wa kutafuta, kila r ihesabiwe kuwa l, kwenye neno la anayetafuta na kwenye maneno ya wimbo vilevile. Wimbo wenyewe ubaki ulivyoandikwa. Alipowaeleza, Injini alikunja uso.

— Ngoja. Kwa hivyo mbele ya hiyo mashine, kula na kura ni kitu kimoja?

— Wakati wa kutafuta, ndiyo.

— Hapa kwetu zilikuwa kitu kimoja zamani, Afande alisema, na Mama Joska akamwambia apunguze sauti.

Ubishi uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko yote ya siku hiyo, kwa sababu sasa wimbo ulikuwapo na ilibidi mtu aamue uimbweje.

— Tuimbe kama iko, alisema Katekista. Neno la Bwana halipunguzwi. Utamtoa Bwana utie Mugisho? Mbele ya pasta?

— Bwana ni bwana, Injini alisema. Hata bwana wa nyumba ni bwana. Mbili zote zinarudi.

— Na tena ni wimbo wa kulaza mutoto! Katekista aliongeza. Bibi harusi akisinzia pale mbele, mutasema nini?

— Mimi nasema waimbe zote mbili, alisema Afande. Ile ya kitabu kwanza, ya mama nyuma. Jeshi haiendi na kiatu moja.

Safari hii hata Katekista alishindwa kupinga, ingawa alisema ni kwa sababu ya kiatu, si kwa sababu ya wimbo. Papa Mugisho alikubali kwa kichwa. Kisha akamgeukia Reine.

— Binti yangu. Unaweza kuutia na wa kwake humo ndani? Pembeni ya huu. Ili mutu akitafuta akutane nao.

— Naweza, Papa. Ni mfuko mwingine tu.

Akafungua mfuko mpya mwishoni mwa mstari wa nyimbo. Mahali pa jina akaandika "Usifunge Milango". Mahali pa maneno Papa Mugisho alimsomea pole pole, akiacha kila kitu kama kilivyo kwenye kitabu mpaka alipofika kwenye neno lile moja. Hapo aliinua sauti kama mtu anayeagiza kitambaa dukani: "Baba." Reine akaandika baba.

Wakati huo Akoth, mke wa Injini, alikuwa amefika kumwita mumewe aende kula. Alikuta watu sita wamezunguka kompyuta, hakuna anayemsikia. Akasimama nyuma ya bega la Reine, kikapu mkononi, akasoma kilichokuwa kwenye kioo.

— Hii ni nini?

— Wimbo wa Mama Benedicte, Injini alimwambia. Tumeutafuta mchana kutwa. Mimi mwenyewe nimehangaika sana.

— Na hapa pameandikwa "mtunzi", hamjajaza.

— Ndipo tunafika, Reine alisema. Mtunzi, Mama Benedicte.

— Hilo ni jina la mtoto wake, alisema Akoth. Yeye mwenyewe aliitwa nani?

Afande alifungua mdomo kwa haraka ya askari anayejua jibu, akaufunga. Alikuwa amefuliwa nguo na yule mama miaka saba. Injini alimtazama Katekista, na Katekista, aliyesoma maandiko siku ya mazishi yake, akatazama viatu. Mama Joska aliugua homa wakati mmoja na mwanamke yule ndiye aliyekaa mahali pake akachemsha kahawa ili wateja wasipotee. Alisimama na birika mkononi, midomo ikitembea bila sauti. Reine alilitafuta jina hilo katika kumbukumbu zake zote, tangu utoto, tangu Bukavu, na kila alipogusa akakuta Mama Benedicte, Mama Benedicte tu.

Papa Mugisho aliwatazama mmoja mmoja bila kuwalaumu. Alivaa kofia yake, akaiweka sawa.

— Nabintu, alisema. Nabintu Valérie.

Reine akaandika, na kale kamkwaju juu ya e akakaweka mahali pake. Akaigeuza kompyuta ili mzee aone. Kidole cha fundi kilipita juu ya herufi, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.

— Ndiye, alisema.